Chachu ya Pombe na Jeni Zinazoongoza Mgawanyiko wa Seli

Msimu wa korosho unapowadia katika Uwanda wa Makonde, mabibo huanguka kwa wingi kuliko yanavyoweza kuliwa. Katika vijiji vya Nanyamba mabibo hayo hukamuliwa, maji yake huwekwa katika chombo, na pasipo mtu yeyote kutia hamira, baada ya muda mfupi povu huonekana mdomoni mwa chombo. Hivyo ndivyo uraka unavyopatikana. Kazi yote hiyo hufanywa na chachu, viumbe wa seli moja wasioonekana kwa macho, ambao tangu awali walikuwapo juu ya ganda la tunda. Seli ya chachu hula sukari, hukua, hunakili vinasaba vyake, kisha hugawanyika na kuwa seli mbili. Saa chache baadaye mbili huwa nne, na kwa mwendo huo chombo hujaa.

Katika mji huohuo wa Nanyamba, mwanamke aliyekwenda kuchunguzwa mlango wa kizazi anaweza kuambiwa kwamba limeonekana doa jeupe. Swali lake la kwanza, pengine hata kabla hajashuka kitandani, huwa moja: "Nesi, ndiyo kansa hiyo?" Jibu sahihi, katika hali zilizo nyingi, ni kwamba bado. Lakini neno "bado" peke yake humwongezea mtu hofu badala ya kumpunguzia, mpaka aelezwe ni nini kinachoendelea ndani ya seli zake. Maelezo hayo, yaani jinsi seli inavyoamua kugawanyika na jinsi breki zake zinavyoharibika, yalipatikana kwa sehemu kubwa kutoka kwa chachu, na mojawapo ya chachu hizo ina jina la Kiswahili.

Jina lililotoka Afrika Mashariki

Mwaka 1893, wakati Tanganyika ilipokuwa sehemu ya koloni la Wajerumani, mtaalamu wa Kijerumani aliyeitwa Paul Lindner alichunguza kwa hadubini pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki. Ndani yake aliona chachu ambayo haikuwa imeelezwa katika vitabu vya sayansi. Hamira ya mikate huchipua: kivimbe kidogo hutokea ubavuni mwa seli mama, hukua, kisha hujitenga. Chachu ya Lindner haikuchipua. Ilikuwa na umbo la kijiti, ilirefuka pande zote mbili, na ilipofikia urefu wake ilikatika katikati, mfano wa muhogo uliokatwa vipande viwili vilivyo sawa. Lindner aliipa jina Schizosaccharomyces pombe. Sehemu ya kwanza ya jina inaeleza kuvu wa sukari anayepasuka, na sehemu ya pili ni neno lilelile linalotumiwa kila siku kutoka Mikindani hadi Kigoma. Leo neno hilo huandikwa katika maabara za London, Tokyo na New York na watu ambao huenda hawajui neno jingine lolote la Kiswahili.

Hapa inafaa kuweka jambo moja sawa, maana sifa isiyo ya kweli haina faida. Chachu inayotumiwa katika maabara nyingi za sasa si kizazi cha ile ya Lindner. Mtaalamu wa jenetiki Urs Leupold wa Uswisi, aliyeanza kuichunguza chachu ya aina hii katika miaka ya 1940, alitumia mbegu iliyokuwa imepatikana katika maji ya zabibu ya Ulaya. Kilichotoka Afrika Mashariki ni ugunduzi wa kwanza na jina.

Kwa nini chachu, na si binadamu mwenyewe? Kwanza ni hesabu. Chachu ya pombe ina jeni zinazokaribia 5,000, ilhali binadamu ana takriban 20,000. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, seli ya chachu inaweza kuishi ikiwa na nakala moja tu ya kila jeni. Binadamu ana nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Ikiharibika moja, ya pili huficha kasoro. Kwa chachu hakuna wa kuficha. Jeni ikiharibika, kasoro huonekana siku hiyohiyo.

Kuna kikwazo kimoja tu. Seli ambayo jeni yake ya kugawanyika imeharibika haigawanyiki, na isiyogawanyika haiwezi kukuzwa wala kuchunguzwa. Leland Hartwell wa Seattle, Marekani, alikipita kikwazo hicho kwa kutafuta seli za hamira zenye kasoro ya joto. Seli hizo huishi vizuri katika ubaridi wa kadiri, lakini joto likipandishwa protini iliyo dhaifu huharibika na seli zote husimama. Mwaka 1970 yeye na wenzake walianza kutangaza jeni za namna hiyo, na baadaye zikafikia makumi. Moja wakaiita CDC28, nayo ilisimamisha seli mwanzoni kabisa mwa safari ya kugawanyika.

Huko Edinburgh, katika maabara ya Murdoch Mitchison, kijana Paul Nurse alikuwa akitazama chachu ya pombe kwa namna hiyohiyo. Seli zenye kasoro ziliendelea kurefuka bila kukatika, kama kamba. Lakini Nurse aliona pia kitu cha kinyume: seli fupi mno, zilizokuwa zikikatika kabla ya kufikia kimo cha kawaida. Aliziita kwa neno la Kiskoti lenye maana ya kitu kidogo. Umuhimu wake unahitaji kufikiriwa kidogo. Gari likisimama, sababu zaweza kuwa mia: mafuta yamekwisha, gurudumu limepasuka, betri imekufa. Kusimama hakumwonyeshi fundi ni nani anayeamua mwendo. Lakini gari likienda kasi kuliko kawaida, fundi hutazama mahali pachache tu. Nurse alipogundua kwamba jeni moja, cdc2, ikiharibiwa kwa namna moja huzuia mgawanyiko, na ikibadilishwa kwa namna nyingine huuharakisha, alijua kwamba ameshika usukani wenyewe.

Mwaka 1982 ikaonekana kwamba jeni CDC28 ya hamira, ikiingizwa katika chachu ya pombe yenye cdc2 mbovu, huifanya igawanyike tena. Chachu hizi mbili zina undugu wa mbali mno. Ikiwa jeni ya moja yaweza kufanya kazi ndani ya nyingine, basi swali lililofuata lilikuwa dhahiri, japokuwa wengi walilitilia shaka: je, binadamu naye anayo?

Jaribio la mwaka 1987

Melanie Lee na Paul Nurse walifanya kazi hiyo London, katika maabara za Imperial Cancer Research Fund. Hawakuitafuta jeni ya binadamu kwa kusoma herufi zake. Ramani nzima ya vinasaba vya binadamu haikuwapo wakati huo. Waliiacha chachu yenyewe itafute.

Walikuwa na chachu ya pombe ambayo cdc2 yake ilikuwa na kasoro ya joto. Walikuwa pia na mkusanyiko wa vipande vya vinasaba vilivyonakiliwa kutoka seli za binadamu, kila kipande kimewekwa juu ya pete ndogo ya DNA inayoweza kuingia ndani ya chachu na kusomwa humo. Mkusanyiko wa namna hiyo ni kama gunia la funguo zilizochanganyika, ambazo nyingi hazihusiani kabisa na kufuli lililopo. Vipande hivyo vilimwagwa juu ya mamilioni ya seli za chachu, na kwa bahati tu seli hii ikapokea jeni hii, na ile ikapokea nyingine. Kisha joto likapandishwa.

Seli karibu zote zilirefuka na kukwama, kama ilivyotarajiwa. Chache zikagawanyika. Zikaendelea kugawanyika mpaka kila moja ikafanya doa la seli lililoonekana kwa macho juu ya sahani. Zilipochunguzwa, ndani yake ilikutwa jeni ya binadamu. Protini yake ilipolinganishwa na ile ya chachu, viungo vyake vilifanana kwa takriban asilimia 63. Binadamu na chachu walitengana katika nasaba zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na bado jeni ya mmoja iliweza kumwokoa mwingine. Jeni hiyo leo inaitwa CDK1.

Uzito wa jaribio hilo uko katika neno "kuokoa". Kufanana kwa sura hakutoshi kuthibitisha kazi. Watu wawili waweza kufanana na wasiwe ndugu. Hapa chachu haikuulizwa kama jeni inafanana. Iliulizwa kama jeni inafanya kazi, na ikajibu kwa kuishi.

Wanyama wenye uti wa mgongo walikuwa wamechunguzwa kwa njia nyingine. Vyura hutaga mayai makubwa yanayoweza kuchomwa sindano. Mwaka 1971 Yoshio Masui na Clement Markert walionyesha kwamba ute wa yai lililokomaa, ukiingizwa katika yai changa, hulilazimisha kukomaa na kugawanyika. Kitu kilichomo ndani ya ute huo kilitafutwa kwa miaka 17. Kiliposafishwa mwaka 1988, mojawapo ya protini zake ilikuwa ndugu wa cdc2 ya chachu. Mwenzake alikuwa saiklini, protini ambayo Tim Hunt aliigundua mwaka 1982 katika mayai ya kile kiumbe wa baharini mwenye miiba mingi, ambaye wavuvi wa pwani ya Mtwara huangalia wasimkanyage maji yanapopwa. Saiklini hujazana, huamsha kimeng'enya, kisha huharibiwa, mzunguko baada ya mzunguko. Hartwell, Nurse na Hunt walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2001.

Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi. Kwa njia ileile ya kuokoa chachu yenye kasoro zilipatikana jeni nyingine za binadamu mwaka 1990 na 1991: inayoondoa kizuizi cha CDK1, inayoweka kizuizi hicho, na saiklini mbili, D1 na E, zinazoifungulia seli mlango wa kuanza safari. Inayofaa kuelezwa kwa urefu ni ya mwaka 1993, kwa kuwa ndiyo inayofika hadi kliniki.

Breki inayoitwa p16

Mwaka 1989 Stanley Fields na Ok-kyu Song walikuwa wamebuni mtego ndani ya hamira. Walichukua protini inayowasha jeni, wakaikata vipande viwili. Kipande kimoja peke yake hakiwashi kitu, kama betri isiyo na balbu. Ukikibandika kila kipande kwenye protini nyingine, na protini hizo mbili zikapenda kushikana, vipande hukutana na taa huwaka: chachu hukua mahali ambapo ingekufa. Manuel Serrano, Gregory Hannon na David Beach, katika maabara ya Cold Spring Harbor, waliweka kwenye mtego huo kimeng'enya cha binadamu kinachoitwa CDK4, ambacho pamoja na saiklini D huanzisha mgawanyiko. Wakauliza: ni protini gani ya binadamu inayokishika? Mojawapo ya zilizonaswa ilikuwa ndogo, nayo ilikishika CDK4 na kukizuia kisifanye kazi. Ndiyo p16.

Ili kuelewa maana yake kwa mwanamke wa Nanyamba, ni lazima kuitaja protini ya tatu, Rb, iliyojulikana kwanza kutokana na saratani ya jicho la watoto wadogo. Rb ni mlinzi wa mlangoni. Ikiwa imesimama imara, seli haigawanyiki. CDK4 humwondoa mlinzi huyo mlangoni wakati unaofaa, na p16 humzuia CDK4 asimwondoe wakati usiofaa. Katika mlango wa kizazi ulio mzima, seli za chini hugawanyika kwa kiasi, na zile zinazopanda juu huacha kugawanyika, huzeeka na kubanduka.

Virusi vya HPV vya aina ya hatari, hasa 16 na 18, vina protini iitwayo E7 inayomharibu Rb moja kwa moja. Protini nyingine ya virusi hivyo, E6, humwangamiza p53, ambaye kazi yake ni kuisimamisha seli yenye vinasaba vilivyojeruhiwa. Mlinzi akiwa ameondoka, seli huendelea kugawanyika hata zile zilizopaswa kuacha. Seli huhisi kwamba mambo yameharibika na huongeza p16 kwa wingi. Lakini haisaidii. Ni sawa na mwendesha bodaboda ambaye waya wa breki umekatika: hubana kwa nguvu zaidi na zaidi, na pikipiki haisimami. Kwa sababu hiyo fundi wa maabara ya patholojia anaweza kukipaka kipande cha nyama ya mlango wa kizazi rangi inayonasa p16. Palipokolea rangi ya kahawia mfululizo ni mahali ambapo virusi vimeshika usukani. Mgonjwa akiona katika majibu yake maneno "p16 chanya", asidhani ni jina la saratani. Ni alama ya breki inayobanwa bure.

Hapa pia panaonekana kwa nini dawa moja haifai kila saratani. Palbociclib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa aina fulani ya saratani ya matiti, huzuia CDK4 na ndugu yake CDK6. Ni p16 ya kutengenezwa, kwa kusema hivyo. Katika saratani ya mlango wa kizazi iliyotokana na HPV, Rb imekwisha kuharibiwa mbele ya CDK4, hivyo kumzuia CDK4 hakutarajiwi kuleta nafuu. Mgonjwa anayesikia kwamba jirani yake ametibiwa kwa vidonge, naye akaandikiwa mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, hajaonewa. Ni magonjwa mawili yaliyoharibika mahali tofauti.

Doa jeupe kitandani

Uchunguzi wa siki unaofanywa katika vituo vya afya hutegemea jambo lilelile lililochunguzwa katika chachu. Asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5 hupakwa kwenye mlango wa kizazi, na mhudumu husubiri angalau dakika moja. Seli zinazogawanyika kupita kiasi zina viini vikubwa vilivyosongamana na protini nyingi. Asidi huzigandisha protini hizo kwa muda, na mahali pale hugeuka peupe. Doa hilo halioneshi saratani. Linaonesha msongamano wa seli, nao waweza kutokana pia na uvimbe wa kawaida au kupona kwa kidonda. Kwa hiyo mhudumu hutazama kingo za doa, uzito wa weupe wake na mahali lilipo.

Mkanganyiko mmoja hutarajiwa. Mwanamke akisikia habari za chachu na weupe, hukumbuka fangasi wa ukeni waletao utando mweupe na muwasho. Hao nao ni jamii ya chachu, lakini si chachu ya pombe, na hawasababishi saratani ya mlango wa kizazi. Utando wao hufutika. Doa la siki halifutiki. Wala chachu iliyomo katika mkate, togwa au uraka haibebi ugonjwa huu, na wala haiuponyi. Kileo chenyewe ni suala jingine, kwani unywaji wa pombe huongeza hatari ya saratani kadhaa, zikiwamo za koo la chakula, ini na matiti.

Jambo linalopaswa kusemwa polepole ni muda. Virusi vikidumu, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kutoka seli za kwanza zilizopotoka hadi saratani kamili. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imeshuka, kama vile anayeishi na VVU bila matibabu, muda huo waweza kufupishwa hadi miaka 5 au 10. Sababu ni kwamba kupoteza breki moja hakutoshi. Kila mgawanyiko usio na mlinzi ni nafasi nyingine ya kosa katika kunakili vinasaba, na makosa huhitaji muda kurundikana. Ndiyo maana neno "bado" la nesi lina uzito: bado kuna miaka, na katika miaka hiyo doa laweza kuondolewa kwa kugandishwa kwa baridi kali au kwa kuunguzwa kwa joto, mara nyingi bila kulazwa. Chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchini kote mwaka 2018, huzuia virusi visiingie. Haiondoi doa lililokwisha kutokea, hivyo mama hawezi kuitumia badala ya uchunguzi, na binti hapaswi kusubiri mpaka aumwe.

Ugumu ni kwamba doa haliumi. Hakuna damu, hakuna harufu, na mkulima mwenye korosho za kuokota shambani haoni sababu ya kurudi kituoni kwa ajili ya kitu asichokihisi. Maumivu na kutokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi huja baadaye, pengine wakati ambapo safari si ya Nanyamba hadi Mtwara mjini tena, bali ni ya Dar es Salaam.

Kwa hiyo maneno ya mhudumu yaweza kuwa mafupi: "Mama, hii si kansa. Ni seli zilizopoteza breki. Tukiziondoa leo, hazitafika huko." Kisha ampe maelekezo: kutokwa maji ukeni kwa wiki chache baada ya tiba ni kawaida, homa au maumivu makali si kawaida, ajiepushe na tendo la ndoa kwa mwezi mmoja. Achunguzwe tena baada ya miezi 12. Aliyetibiwa mabibo yakianza kuanguka aambiwe tarehe hivyohivyo, kwamba mabibo yakianguka tena, arudi.